Umefokewa kwenye msafara wa baiskeli? Soma hapa kabla hujakata tamaa

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Makorora, Tanga: "Shikamoo kocha. Nimepata baiskeli ya resi ya mtumba na nimeanza kutoka na kundi la jumapili alfajiri, tunaenda Muheza na kurudi. Safari yangu ya pili tu nimefokewa mara tatu. Kwanza nilipewa zamu ya kukaa mbele nikaongeza mwendo, wakapiga kelele. Pili nilikwepa shimo nikafunga breki, wa nyuma nusura anipande. Tatu kaka mmoja alipata pancha mi nikapita nikaendelea, nilipogeuka hamna mtu. Alafu wananiambia nivae kaptura ya kubana, ninyoe miguu, na nisivae jezi yangu ya njano. Mi navaa hijabu. Hivi hizi ni sheria za kweli au wanaiga wazungu tu? Na nifuate zipi?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa kutoka na kundi, maana wengi wananunua baiskeli wanazunguka nayo Raskazone jioni basi, hawajui utamu wa kwenda na wenzio. Kufokewa kusikuvunje moyo. Hao waliokufokea hawajakosea kwenye mambo matatu ya kwanza, ila wamekosea kukufokea bila kukueleza sababu, na kwenye mavazi wamechanganya mambo, kwahiyo ngoja nikueleze mwenyewe na ntakuwa mrefu kidogo.

Anza na upepo. Ukienda polepole sokoni upepo huusikii, lakini ukifika kilomita 30 kwa saa kwenye barabara tambarare nguvu yako nyingi inaisha kwenye kusukuma hewa, na kila ukiongeza mwendo kidogo gharama inapanda kwa kasi mno, ukitaka mwendo mara mbili hewa inakudai nguvu kama mara nane hivi. Sasa aliyekaa nyuma ya mwenzie anapumzika kama theluthi ya kazi yote, na kwenye kundi kubwa kama lile la Tour de France, ile mbio kubwa ya kuzunguka Ufaransa, aliye katikati kabisa anapumzika zaidi ya hapo, kuna wataalamu wa Uholanzi walipima mwaka 2018 kundi la waendeshaji 121 wakakuta walioko ndani kabisa wanapata chini ya asilimia 10 ya upinzani wa hewa ambao mtu angeupata akiwa peke yake. Ndo maana watu wanakwenda wamebanana vile. Wanaita mbio za mtu mmoja mmoja lakini ukweli hamna mtu anayefika peke yake.

Ila ili upate hicho kivuli cha kujikinga na upepo lazima tairi lako la mbele liwe karibu na tairi la nyuma la mwenzio, nusu mita, pengine chini ya hapo. Piga hesabu. Kwa kilomita 30 kwa saa unakula mita 8 kila sekunde, kwahiyo hiyo nusu mita inaisha kabla jicho lako halijapeleka habari kwenye vidole. Hakuna binadamu mwenye breki ya kuwahi hapo. Na tena aliye nyuma haoni barabara, anaona mgongo wako na kiuno chako, basi. Amekukabidhi macho yake. Ukishika hilo moja, mila karibu zote za kundi zitakukaa zenyewe bila kukariri.

Chukua hiyo ya breki. Ulikwepa shimo, sawa, lakini wa nyuma hakujua kama kuna shimo, kaona tu umekuja kifuani kwake. Wa mbele anatakiwa aone mbali, aache kukanyaga mapema badala ya kufunga breki, na aonyeshe kwa mkono. Jumapili mwangalie yule anayekaa mbele kwa muda mrefu, uangalie mkono wake tu: kidole kinashuka kuonyesha shimo upande lilipo, kiganja kinapepea chini kama kuna mchanga au kokoto, na kama kuna gari limepaki kushoto mkono wa kushoto unapita nyuma ya mgongo ukielekeza kulia. Mkono unarudi kwenye usukani, aliye wa pili anarudia ishara ileile, wa tatu anarudia, inashuka mpaka wa mwisho. Usiivunje hiyo kamba hata kama umechoka. Na kwa mdomo pia, kwetu neno linalopigiwa kelele kuliko yote ni "tuta!", likifuatiwa na "rasta!", yaani vile vituta vidogo vilivyofuatana, maana huku ukiingia kila kijiji kuna tuta na mengine hayana hata rangi, alafu wa mwisho kwenye kundi kazi yake ni kuita "gari nyuma!". Kama mikono yako bado haina uzoefu wa kuachia usukani usilazimishe, piga kelele tu inatosha, hakuna atakayekulaumu.

Sasa kukaa mbele. Najua ulichofanya, karibu kila mgeni anafanya, umepewa nafasi ukataka kuonyesha kwamba unaweza. Lakini zamu ya mbele ni kazi ya kuwahudumia wa nyuma, unapokea mwendo uleule uliokuwepo unaushika hivohivo. Ukiongeza ghafla, wewe umeongeza kilomita mbili, wa pili amestuka ameongeza tatu, wa mwisho kabisa anakimbia kwa nguvu zake zote kuziba pengo na akishindwa ndo kaachwa, na mara nyingi wa mwisho ni yule mchovu. Ukichoka mbele usisubiri ufe, tikisa kiwiko, angalia nyuma, jitoe upande mmoja huku unakanyaga polepole mpaka uwe wa mwisho. Dakika mbili za mbele zenye mwendo uliotulia zina heshima kuliko kumi za kurusharusha watu. Na mkiwa wawili wawili, usiwe na tabia ya kumtangulia mwenzio kwa nusu tairi, kila akikufikia unasogea tena, kote duniani waendesha baiskeli wanaichukia hiyo maana inapandisha mwendo wa kundi zima kimyakimya mpaka watu wanagombana.

Kuna la kwetu hapa ambalo kwenye video za Ulaya hutaliona. Kule upepo ukitoka ubavuni wanajipanga mshazari barabara nzima, kila mmoja amejificha kwenye bega la mwenzie, inapendeza kweli na mbio nyingi za Ubelgiji na Uholanzi zinaamuliwa hapo. Wao barabara imefungwa. Sisi miezi ya kusi, ule upepo wa kusini, ukitoka Tanga kwenda Muheza upepo unakupiga kutoka kushoto, kwahiyo kivuli kiko upande wa kulia, yaani katikati ya barabara kwenye malori ya bandarini. Msijaribu. Mstari mmoja, pembeni kushoto, zamu fupifupi, na anayetoka mbele atokee upande wa mbali na magari kama bega la barabara linaruhusu. Na mkitoka alfajiri upepo bado umelala, mkichelewa kurudi mnakutana na upepo wa baharini usoni, hapo ndo utaona kwanini wazee wa kundi wanakasirika watu wakichelewa saa kumi na moja pale mnapokutania. Hawana roho mbaya, wanaijua njia ya kurudi kupita Pongwe jua likishapanda.

La pancha ndo lenye historia ndefu na mi nalipenda kuliko yote. Tour de France ilianza 1903, na miaka ya mwanzo sheria ilikuwa kali, kikiharibika chako tengeneza mwenyewe, watu walikuwa wanaendesha wamejizungushia matairi ya akiba mabegani. Mwaka 1913 bwana mmoja Mfaransa anaitwa Eugène Christophe alikuwa anashuka mlima Tourmalet foki ya mbele, yaani uma unaoshika tairi, ikavunjika. Akabeba baiskeli begani akatembea zaidi ya kilomita 10 mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akamkuta mhunzi, na akaichomelea foki mwenyewe kwa mikono yake kwa sababu kusaidiwa ni kosa, waamuzi wamesimama pale wanamwangalia. Masaa yamekwenda. Na bado wakampa adhabu ya muda kwa sababu kuna kijana alimvutia mivukuto ya moto! Alimaliza ile mbio. Mpaka leo kijiji kile wanamkumbuka.

Sheria zikalegea baadaye, lakini wenyewe waendeshaji wakajiwekea adabu kuliko hata sheria: kinara akianguka au chombo kikimsaliti hushambulii, yaani huongezi mwendo kumwacha, na wakisimama kujisaidia au wakiwa wanapokea chakula hushambulii pia. Mwaka 2022 Jonas Vingegaard amevaa jezi ya njano ya kinara wa Tour, mpinzani wake Tadej Pogačar akaanguka kwenye mteremko, Vingegaard akapunguza mwendo akamsubiri, Pogačar alipomfikia wakashikana mikono wakiwa juu ya baiskeli. Mwaka 2010 cheni ya Andy Schleck ilitoka mlimani, Alberto Contador akaondoka, siku hiyo akapata sekunde 39, na alipofika jukwaani watu wakamzomea. Hakuvunja sheria yoyote iliyoandikwa. Mbio ziliisha kwa tofauti ya sekunde hizohizo 39, na ushindi wenyewe alikuja kunyang'anywa kwa kesi ya dawa za kuongeza nguvu.

Sasa hao wanashindania pesa na majina, bado wanasubiriana. Nyinyi jumapili mnashindania nini? Pancha ya mmoja ni pancha ya wote, mnasimama mbali na lami, mmoja anashika baiskeli, mmoja anapampu, mwingine anapapasa ndani ya tairi kwa vidole atafute mwiba, maana usipoutoa tyubu mpya nayo inakwenda hapohapo, na huku kwenye mashamba ya mkonge miba sio ya kutafuta. Wewe hata kama hujui kutengeneza simama tu. Kama una haraka ya msiba au kazi sema mapema, utaruhusiwa. Na uwe na tyubu yako mwenyewe mbili, kwa sababu baiskeli za resi za mtumba nyingi valvu yake ni ile nyembamba, pampu za mafundi wengi wa mitaani haziingii mpaka uwe na kile kichwa kidogo cha shaba cha kuunganisha. Kinauzwa bei ndogo sana, nunua viwili, kimoja kifunge palepale kwenye valvu.

Jezi ya njano. Hii ilianza 1919, gazeti lililokuwa linaandaa Tour liliitwa L'Auto na lilichapwa kwenye karatasi ya njano, wakataka kinara aonekane barabarani, na wa kwanza kuivaa ni huyohuyo Christophe niliyekusimulia, na mwaka huohuo foki ikamvunjikia tena siku za mwisho akaipoteza, yaani yule baba alionewa na vyuma maisha yake yote. Italia nao 1931 wakaweka ya waridi sababu gazeti lao ni la waridi. Kwenye Tour ikaja ya kijani 1953 kwa mwenye pointi nyingi, na ya madoa mekundu 1975 kwa mfalme wa milima, anayeongoza kwa kupanda. Kwahiyo kaka zako wanachosema ni kwamba jezi ya njano hupewi, unaishinda, na kwa mtu aliyekulia kwenye mchezo inamgusa. Namwelewa. Lakini mi sikubaliani naye kwa barabara yetu. Saa kumi na moja na nusu asubuhi giza halijaondoka vizuri, dereva wa lori amekesha, kitu cha njano anakiona mbali, cheusi hakioni. Njano yako ikiwa haina maandishi ya Tour vaa na uivae kwa raha. Ninayokuomba uiache ni ile nyeupe yenye mistari ya rangi tano kifuani, bluu, nyekundu, nyeusi, njano na kijani, hiyo ni ya bingwa wa dunia na anaivaa mwaka mmoja tu, akishavuliwa anabaki na haki ya kuweka mistari midogo kwenye kola na mikono mpaka anastaafu. Hata matajiri wenye uwezo wa kuinunua hawaivai.

Kunyoa miguu achana nayo kabisa. Wanaume wa mashindano wananyoa kwa sababu wakianguka kidonda kinasafishika, plasta inabandukwa bila kung'oa nywele, na wanakandwa misuli kila jioni, baadaye ikageuka alama ya kwamba huyu ni mwenzetu. Haina uhusiano na wewe kwenda Muheza.

Kaptura ya kubana ina maana, ila maana yake iko ndani sio nje. Ule mto wa ndani ndo unaokuokoa, na haivaliwi na chupi, mshono wa chupi kwenye masaa mawili ya kukanyaga unachuna ngozi na jipu la sehemu ile utalisimulia wiki nzima. Kwahiyo vaa kaptura yenye mto ndani, juu yake vaa suruali nyepesi ya mazoezi isiyopwaya chini, mguu wa kulia uufunge kwa mpira au utepe kwa sababu cheni iko kulia. Baibui na gauni hapana, vinaingia kwenye spoki. Hijabu haina shida hata kidogo, chukua ya michezo ya kitambaa chembamba cha kuvaa kichwani moja kwa moja, isiyo na pini wala fundo utosini, maana helmeti ikikandamiza pini utaijua ukifika Pongwe, na kisogoni nywele zifunge chini chini ili helmeti ikae sawa kwenye paji la uso. Mikono mirefu tena ni faida, jua la saa nne huku kwetu unalijua. Kama kuna mtu kwenye kundi anasema mavazi yako sio ya kibaiskeli, mwambie kocha kasema baiskeli haina habari na hilo.

Umeuliza kama tunaiga wazungu. Mchezo ulianzia kwao, hilo halina ubishi, Liège-Bastogne-Liège ni ya 1892 na Paris-Roubaix ya 1896, wana vitu vyao vya imani kabisa, kuna kanisa dogo la Madonna del Ghisallo kule Italia ambalo Papa alilifanya la mlinzi wa waendesha baiskeli mwaka 1949 na ndani kumejaa baiskeli za mabingwa, na mtu akipewa namba 13 anaibandika kichwa chini. Sisi kabla ya kutoka tunasoma dua. Sioni tatizo, kila mtu anaomba kwa njia yake asafiri salama.

Lakini usikubali mtu akwambie sio wetu. Eritrea wanaupenda kama sisi tunavyopenda mpira, na Daniel Teklehaimanot wa kwao alivaa jezi ya madoa ya Tour mwaka 2015. Biniam Girmay, kijana wa Asmara, alishinda mbio ya Gent-Wevelgem ya Ubelgiji 2022, alafu Tour ya 2024 akashinda hatua tatu, yaani mbio za siku tatu, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hata moja, na akarudi nyumbani na jezi ya kijani. Chris Froome aliyechukua Tour mara nne kazaliwa Nairobi na kuanza kuendesha na kina David Kinjah palepale Kenya. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia yamefanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, Rwanda hapo jirani, watu wamejaa kwenye vilima wanashangilia. Na Tanga yenyewe bwana! Mji mzima tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka kwa namba, asubuhi unakuta mama anapeleka mtoto shule kwa baiskeli, mwalimu kwa baiskeli, muuza samaki kwa baiskeli.

Na hapo ndo kuna mila moja ambayo mi naidai kwa kila anayetoka na kundi la resi, na haimo kwenye adabu za Ulaya. Mkimkuta mzee kwenye Phoenix lake na gunia la mkaa au nazi kwenye keria, yule ndo mwenye njia. Hawezi kusimama haraka, mzigo unamsukuma, na mkimpita kwa fujo karibu karibu usukani unamcheza. Mmoja wenu apige kengele au aite mbali, mumpishe kwa upana, msalimie. Shikamoo mzee, na mkono. Kundi lote, sio wa mbele tu. Nimewahi kuvunja msafara mzima nikawarudisha kwa sababu vijana walimpita mzee bila salamu, na nitafanya hivo tena.

Mkifika Muheza mnakaa. Hii nayo ni mila, wenzetu Ulaya wana kahawa na keki, sisi tuna chai na mihogo na yale machungwa ya Muheza yaliyomenywa tayari, na usione kama ni uvivu au muda unapotea. Pale ndo mahali pa kusemana. Kosa la barabarani barabarani linapigiwa kelele fupi tu kwa usalama, maelezo yanasubiri kwenye chai, na aliyekaribisha mgeni ndo anakaa naye amweleze. Kundi lako hapa limekosea na nitawaambia. Wewe jumapili ijayo kaa nao, usikae pembeni na simu, waulize, utashangaa wale wakali ndo wanaopenda kufundisha. Na kama siku moja watakushawishi kupandisha kutoka hapo kwenda Amani, ujue mlimani adabu ya mwendo mmoja inalegea, kwa sababu mkiwa kilomita 10 kwa saa kivuli cha mwenzio hakikusaidii chochote, kila mtu anapanda kwa pumzi zake na aliyetangulia anasubiri juu.

Jumapili hii kaa nafasi ya tatu au ya nne, sio ya mwisho kabisa kwa sababu kule nyuma ndo kundi linavutika kama mpira na wageni wanachoka. Usikodolee macho tairi la mbele yako, angalia mabega yake na zaidi yake. Ukipewa zamu sema "nachukua fupi", wote watakuelewa.

Alafu kuna kitu nataka ukakague leo kabla hata hujalala. Umesema ni ya mtumba. Baiskeli zilizotoka Uingereza na Japani breki ya mbele huwa iko mkono wa kulia, zilizotoka Ufaransa, Ujerumani na kwengine bara la Ulaya huwa iko kushoto, na mafundi wetu wakibadilisha kebo wanaunga popote. Inyanyue tairi moja moja, zungusha, bana mkono mmoja uone inasimama ipi. Kama umezoea ya kwanza na hii ni ya pili, basi huenda siku ya lile shimo ulibana ya mbele ukidhani ni ya nyuma. Fundi anabadilisha kwa muda mfupi tu, mwambie aweke kama ulivyozoea, na akiwa hapo hapo aangalie ubavu wa matairi, zikiwa na nyufa usitoke nazo jumapili.